Tekken 8: Raha Yake, na Kijitabu Kilichobaki Ndani ya Boksi



Leo tunaweka kando malaria na mimba za utotoni, tunazungumzia gemu. Najua mwalimu akikukuta na ukurasa huu atauliza gemu na afya vinahusiana wapi. Mwombe asome angalau mpaka pale kijana anapoanguka.

Ukoo wenye matatizo

Kama wewe ni mteja wa vibanda vya gemu, huhitaji kuelezwa Tekken ni kitu gani. Kwa wale wa bweni waliofungiwa: ni gemu ya kupigana, watu wawili, kila mmoja na pedi yake mkononi (pedi ya gemu, siyo ile tunayoizungumzia kwenye somo la hedhi). Ilianza Japani mwaka 1994, ikitengenezwa na kampuni ya Namco. Ukiiangalia kwa mbali unaona ngumi na mateke tu. Ukiisogelea unakuta hadithi ya ukoo mmoja, akina Mishima. Mzee Heihachi alimtupa mwanawe Kazuya gengeni akiwa na miaka mitano. Mtoto hakufa. Alikua, akarudi kulipa kisasi. Kazuya naye akazaa mtoto, Jin, na sasa baba na mwana wanatafutana kuuana. Ugomvi huu umeendelea kwa miaka 30, na nadhani hata baraza la kata lingeukimbia.

Sehemu ya nane ilitoka tarehe 26 Januari 2024. Haichezeki kwenye PS2, PS3 wala PS4, kwa hiyo mtaani kwetu Chang'ombe ilichelewa sana kufika. Ilifika pale mwenye kibanda mmoja alipoleta PlayStation 5 na televisheni kubwa. Jioni ya kwanza nilipokwenda kulikuwa na foleni mpaka nje. Watoto walikalia ndoo, wakubwa wamesimama, na dada muuza mihogo akaona hapo ndipo penye biashara, akahamishia jiko lake mlangoni.

Mimi ni mtu mzima mwenye shahada, nafanya kazi ya kuelimisha vijana. Hata hivyo nilipanga foleni. Na nilipomwona Jun, mama yake Jin, ambaye ndani ya hadithi alikuwa ametoweka tangu Tekken 2 ya mwaka 1995, amesimama tena ulingoni na mavazi yake meupe, nilipiga kelele kama mtoto. Sioni aibu kuliandika hilo. Kitu unachokipenda kikirudi baada ya miaka mingi, kimepambwa kuliko zamani na bado ni kile kile, raha yake ni ya kweli.

Na wameipamba kweli. Kuna kitu kipya kinaitwa Heat. Ukikiwasha, mpiganaji wako anawaka kwa sekunde 10 na mapigo yake yanakuwa mazito. Sehemu ya damu uliyopoteza inabaki ya kijivu, na ukishambulia unaweza kuirudisha. Anayejificha nyuma ya ulinzi anaumia, anayesonga mbele analipwa. Ndiyo maana mechi zake zina mzuka kuliko za Tekken 7. Kila pigo kubwa linaleta mmweko wa bluu, mwekundu, mweupe. Kibanda kizima kinawaka na kuzimika kama kuna radi ndani.

Nilipokuwa nimesimama kwenye ile radi ndipo nilipokumbuka jambo ambalo nimelikimbia kwa muda mrefu.

Jumamosi moja mwaka 2012

Nilikuwa kidato cha pili. Kibanda chetu cha wakati ule kilikuwa na PS2, ambayo ilikuwa inakubali hata diski za PlayStation ya kwanza, na gemu yetu ilikuwa Tekken 3 ya mwaka 1997. Mpiganaji wangu alikuwa Eddy Gordo, yule Mbrazili anayepigana kwa capoeira, mchezo wa mapigano na ngoma ulioanzishwa na Waafrika waliopelekwa Brazil utumwani. Siri ya Eddy kila mtu anaijua. Unabonyeza vitufe vya mateke ovyo ovyo, naye anazunguka kama pia, na mtu aliyefanya mazoezi mwaka mzima analala chini. Washikaji walinichukia kwa hilo na walikuwa na haki.

Siku hiyo nilicheza na kijana wa darasa letu. Alikuwa ameingia Dodoma alfajiri na basi, hakuwa amelala. Pazia la kibanda lilikuwa limeshushwa ili jua lisipige kwenye kioo, kwa hiyo ndani giza. Tulikaa karibu sana na televisheni, maana waya za pedi zilikuwa fupi. Tulikaa pale tangu mchana mpaka jua linazama, tumekula ubuyu na maji ya pakiti tu.

Akaacha kubonyeza. Nilifikiri ananidharau, nikamchapa mateke matatu zaidi kwenye kioo. Kisha pedi ikamtoka mkononi, shingo ikakakamaa, akaanguka na benchi. Mwili mzima ukaanza kutetemeka, povu likamtoka mdomoni, suruali ikalowa.

Mtu mmoja akapiga kelele: "Msimguse! Mate yake yanaambukiza!"

Tulikimbia wote. Mimi nilikuwa wa pili kufika nje.

Waliobaki walikuwa mwenye kibanda na mzee mmoja mpita njia. Mzee aliwasha kiberiti, akampeleka moshi puani. Mwenye kibanda alimlazimisha kijiko katikati ya meno, na jino moja la mbele likavunjika. Walikuwa na nia njema, kuliko sisi tuliokuwa tunachungulia kupitia matundu ya bati. Kijana alipozinduka alikuta damu mdomoni, suruali imelowa, na rafiki zake wamesimama mbali wanamwangalia.

Hospitali walisema ni kifafa, wakampa vidonge. Shuleni tulimpa jina. Kila mtu wa Dodoma anajua jina tunalowapa watu ambao tunadhani wana matatizo ya kichwa. Tunawaita kwa jina la hospitali yetu ya magonjwa ya akili, iliyopo hapa mjini tangu mwaka 1927, kana kwamba Mirembe ni tusi. Muhula uliofuata alihamishwa shule. Sikuwahi kumwomba radhi.

Turudi Chang'ombe. Nilimuuliza mwenye kibanda boksi la PS5 liko wapi. Lilikuwa chini ya meza, na ndani yake kile kijitabu cha maelezo kiko kwenye nailoni yake, hakijafunguliwa. Tulikifungua pamoja. Kuhusu kifafa kimeandika, kwa lugha ambayo nusu ya wateja wake hawaisomi, mambo ambayo yangemsaidia yule mwenzangu: watu wachache wanaweza kupatwa na degedege kwa sababu ya mwanga unaomweka, hata kama hawajawahi kuugua kabla; kaa mbali na kioo; washa taa chumbani; usicheze ukiwa umechoka au hujalala; pumzika mara kwa mara. Sisi siku ile tulifanya kinyume cha kila neno.

Kwa nini mwanga uangushe mtu?

Ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo mdogo. Mabilioni ya seli zinapeana habari, kila kundi kwa zamu yake, kama soko la Majengo asubuhi, huyu anauza, yule ananunua, kelele nyingi lakini kila mtu ana lake. Wakati wa kifafa kundi kubwa la seli linapiga umeme kwa pamoja, kwa mdundo mmoja. Hapo mwili unapoteza utaratibu.

Kwa watu wengi wenye kifafa, mwanga hauna neno. Ni karibu watu 3 tu katika kila 100 wenye kifafa ambao ubongo wao unachokozwa na mwanga unaowaka na kuzimika, au na michoro ya mistari myeusi na meupe inayosogea. Hiki tunaweza kukiita kifafa cha mwanga. Kinaonekana zaidi kwa watoto na vijana, yaani umri wenu hasa, na mwenye nacho anaweza asijue mpaka siku ya kwanza imtokee. Mimweko kati ya 3 na 30 kwa sekunde ndiyo yenye hatari. Rangi nyekundu ni mbaya zaidi.

Kisa kinachojulikana sana ni cha Japani, tarehe 16 Desemba 1997. Televisheni ilionyesha katuni ya Pokémon yenye mmweko wa haraka wa rangi nyekundu na bluu. Jioni ile watoto wapatao 685 walipelekwa hospitali kwa magari ya wagonjwa. Wengi hawakuwa na historia ya kifafa. Tangu hapo watengenezaji wa katuni na gemu wanaogopa mimweko, au wanapaswa kuogopa. Tekken 8 yenyewe, lilipotoka toleo lake la kuonja mwezi Desemba 2023, ilikuwa na mpangilio wa kuwasaidia wasioona rangi vizuri ambao uliwageuza wapiganaji kuwa mistari myeusi na meupe. Nia nzuri, lakini wataalamu wanaoshughulika na gemu na watu wenye ulemavu walipiga kelele kwamba mistari ile ikisogea inaweza kuleta kipandauso na hata degedege. Kwa hiyo ukiwa kibandani na mtu akaanza kuchezea mipangilio ya rangi ili muone vituko, mwambie airudishe.

Usiogope ukaacha kucheza. Vijana wengi sana watacheza Tekken maisha yao yote bila tatizo hili. Ila kuna dalili ambazo ukiziona lazima uache papo hapo: macho au uso kucheza wenyewe, mkono kushtuka bila wewe kutaka, kizunguzungu, kuona mawenge, au kupotewa na fahamu kidogo, yaani raundi imekwisha na hukumbuki ilivyokwisha. Zikikuanza, usifumbe macho yote mawili kwa haraka, kwa sababu kule kufumba kwenyewe kunaweza kuongeza mmweko. Ziba jicho moja kabisa kwa kiganja, geuka, ondoka mbele ya kioo. Kisha nenda kituo cha afya ukaeleze.

Mwenzako akianguka

Hapa msome polepole, hata wale wasiopenda gemu.

Kifafa hakiambukizi. Si kwa mate, si kwa povu, si kwa mkojo, si kwa kumshika mtu, si kwa kuruka alipoangukia. Si laana ya ukoo, na si majini. Ungeweza kupakwa povu lile usoni ukabaki mzima.

Mtu akianguka, mtu mmoja aangalie saa. Wengine waondoe mabenchi, chupa, waya na jiko la mihogo. Weka kitu laini chini ya kichwa chake, hata sweta ya shule. Legeza tai au kola. Usimkandamize, maana huwezi kuuzuia umeme wa ubongo kwa kumkalia mtu miguu. Usitie kitu chochote mdomoni: kijiko, kitambaa, kidole, maji, dawa. Ile habari ya kwamba atameza ulimi ni uongo, ulimi haumezeki. Kiberiti, kitunguu na kiatu cha kunusa havisaidii chochote. Mtetemeko ukipungua, mgeuze alale ubavu ili mate yatoke nje na apumue. Mfunike kiuno kwa kanga au shati. Hilo la kumfunika halimo kwenye vitabu vingi, lakini mimi nimeliona, na nadhani lingemsaidia mwenzangu kuliko vyote.

Mara nyingi huisha ndani ya dakika mbili tatu. Ikizidi dakika 5, au akianza tena kabla hajazinduka, au ameumia kichwa, au ni mara yake ya kwanza, tafuteni usafiri, bajaji hata bodaboda ya watu watatu, mpelekeni hospitali. Akizinduka atakuwa amechanganyikiwa. Mtu mmoja anayemfahamu akae naye, aongee kwa sauti ya chini, amweleze kilichotokea. Wengine watoke.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 50 hivi duniani wana kifafa, na wengi wao wako kwenye nchi kama yetu. Hadi 70 katika kila 100 wanaweza kuishi bila kuanguka tena wakipata dawa inayofaa na kuitumia kila siku bila kuruka. Vidonge vyenyewe si vya gharama kubwa. Kinachowarudisha wengi nyuma ni kusimamisha dawa wakijiona wamepona, au kupelekwa kwa mganga miaka mitatu kabla ya kufika zahanati. Mwenye kifafa anasoma, anaolewa, anafanya kazi. Na kama kifafa chake si cha mwanga, anacheza Tekken pia, ilimradi daktari wake ameridhika.

Lala ndipo utamla

Sasa nije kwa wale mnaosema, "Dada, mimi sina kifafa, nikeshe nicheze."

Wacha nikuonyeshe hesabu. Tekken inakwenda kwa picha 60 kila sekunde. Ngumi ya haraka kuliko zote inafika kwa picha 10, yaani sehemu ya sita ya sekunde, karibu sekunde 0.17. Je, wewe unaweza kuona kitu na kubonyeza kitufe kwa muda huo?

Jaribu. Mwombe mwenzako ashike rula ya sentimita 30 kwa juu, ining'inie. Weka kidole gumba na cha shahada pale penye sifuri bila kuigusa. Aiachie bila kukuambia, wewe uidake. Ukiidaka kwenye sentimita 15, umetumia sekunde 0.17. Kwenye 20, sekunde 0.20. Kwenye 30, karibu sekunde 0.25. (Wa fizikia mnajua kanuni: umbali ni nusu ya mvutano zidisha muda kwa kipeo cha pili. Fanyeni wenyewe.) Wengi wenu mtadaka kati ya 15 na 25. Maana yake ngumi ya haraka huwezi kuikinga kwa kuiona. Bingwa anaikinga kwa sababu amesoma tabia ya mpinzani, anajua itakuja kabla haijaja. Kazi hiyo inafanywa na kumbukumbu na akili iliyopumzika.

Rudieni jaribio hilo asubuhi baada ya mmoja wenu kukesha. Rula itampita.

Kuna la zaidi. Mwaka 2002 watafiti nchini Marekani waliwafundisha watu kugonga vidole kwa mpangilio maalumu, mfano wa kombo ya gemu. Waliolala usiku kucha waliamka wakiwa na kasi zaidi kwa karibu asilimia 20, bila kufanya mazoezi mengine. Waliokaa macho kwa muda uleule hawakuongeza kitu cha maana. Ubongo unapolala unaendelea kuifanyia kazi ile kombo. Kwa hiyo yule anayebaki kibandani mpaka saa saba usiku akirudia rudia pigo lile lile anapoteza muda kwa kipimo cha gemu yenyewe, tuache kabisa habari za mtihani wa kesho. Umri wenu unahitaji usingizi wa saa 8 mpaka 10. Najua ratiba za shule zetu, najua kuna wanaoamka saa kumi alfajiri kwa ajili ya prepo na usafi. Ndiyo sababu zaidi ya kutoongeza gemu juu yake.

Wakati mwingine kinachotukesha si uroho, ni udogo wa kitu chenyewe. Raundi ya Tekken ni sekunde 60. Mshindi ni wa raundi tatu. Mechi ndefu kupita zote haifiki mbali na dakika 5. Nani atakataa dakika 5? "Moja ya mwisho" ni ombi dogo sana, na linaombwa mara 12 ndani ya saa moja. Ukishinda unataka kuendelea kwa sababu mkono uko moto, ukishindwa unataka kulipa kisasi kama Kazuya. Mimi nilipata dawa moja tu inayofanya kazi: naamua idadi ya mechi kabla sijakaa, namwambia mtu mwingine kwa sauti, na hela ya mechi hizo tu ndiyo ninayoingia nayo. Nauli inakaa kwenye soksi. Kipindi nilipokuwa nabeba nauli mfukoni nilitembea kwa miguu kutoka Majengo mpaka nyumbani mara nyingi kuliko nitakavyokiri mbele ya mama.

Baadhi yenu mmeniuliza kama hii ni kama ulevi. Kwa wengi hapana. Lakini tangu tarehe 1 Januari 2022 orodha ya magonjwa inayotumiwa na Shirika la Afya Duniani ina ugonjwa wa kutawaliwa na gemu. Daktari haangalii saa ngapi unacheza peke yake. Anauliza mambo matatu: je, unashindwa kujizuia kuanza au kuacha? Je, gemu imetangulia mbele ya chakula, shule, ndugu, usafi? Je, umeona madhara na bado unaendelea? Na hali hiyo kwa kawaida iwe imedumu miezi 12 hivi. Kama unajiona humo, msaada upo kwenye hospitali zenye kliniki ya afya ya akili, na kuingia geti la Mirembe kwa ajili hiyo hakutofautiani na kwenda kupima macho.

Tekken 8 yenyewe ina kitu kizuri cha kujichunguza. Inaweza kukutengenezea kivuli, mpiganaji anayejifunza namna unavyocheza wewe kisha anapigana kama wewe. Nilipigana na changu. Kila nilipomsogelea aliruka nyuma na kurusha teke lile lile la chini, kila mara, kama kichaa. Nilicheka, kisha nikaona aibu, kwa sababu ndivyo nilivyofanya kwa miaka yote na sikuwa najua.

Na wasichana je?

Jioni ile tulikuwa wasichana wawili kwenye kibanda kizima, na mwenzangu alikuwa muuza mihogo. Tunaambiwa gemu ni ya wanaume. Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kwa jina la QueenArrow, anacheza Tekken mashindanoni. Mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya nje ya nchi yake, wakati huo akiwa mwanafunzi wa sheria. Arslan Siddique naye, kijana wa Lahore, Pakistan, hakutoka nchi tajiri ya gemu. Mwaka 2019 alikwenda Japani akashinda mashindano makubwa ya Tekken 7 wakati wengi hawamjui, mwaka ule ule akashinda tena Las Vegas, Marekani, kisha akawaambia watu kwamba nyumbani kwao wapo wengine wanaomsumbua. Vibanda vyetu vinaweza kutoa watu wa namna hiyo. Lakini kibanda ambacho msichana akikaa benchi anashikwa shikwa, au ambacho kuna "mkubwa" anayelipia mechi za watoto kisha anawaambia wamsindikize, hakifai hata kama kina PS5 tatu. Kaeni macho na mtu wa namna hiyo, wavulana pia, na mwambieni mtu mzima mnayemwamini mapema.

Kata kipande hiki

Mwenye kibanda cha Chang'ombe alikubali mambo mawili baada ya kusoma kile kijitabu. Alipandisha pazia nusu na kuweka balbu nyuma ya televisheni, akasogeza mabenchi nyuma mpaka hatua tatu, maana pedi za siku hizi hazina waya. Watu walilalamika siku mbili, wakazoea. Pia aliniomba nimwandikie maneno ya kubandika ukutani kwa Kiswahili. Haya hapa, kata ukabandike kwenye kibanda cha mtaani kwenu. Mwenye kibanda akikataa, mnunulie soda kwanza.

*WACHEZAJI WOTE*

*Taa iwake muda wote. Kaa hatua tatu kutoka kwenye kioo.*

*Kama hukulala jana, leo tazama tu.*

*Kila saa moja, toka nje dakika 15. Kunywa maji.*

*Macho yakicheza, mkono ukishtuka, ukiona kizunguzungu: ziba jicho moja, geuka, toka.*

*Mwenzako akianguka: angalia saa, ondoa vitu, laza kichwa pahali laini, usitie kitu mdomoni, mlaze ubavu, mfunike. Zaidi ya dakika 5, hospitali.*

*Kifafa hakiambukizi. Usikimbie.*